Migomba ya Nyuma kwa Gesare

Jumapili, 16 Machi 2025

Mvua imeingia. Imetukuta kwenye mkutano wa kikundi cha ndizi, tukakimbilia jikoni kwa Mzee Manasseh na kubanana humo na kuku wake, moshi ukitutoa machozi kama waombolezaji.

Neno lilikuwa moja tu: mnyauko. Umevuka mto. Upande wa pili wameshaanza kung'oa. Mgomba unasimama vizuri, kisha majani yanaanza umanjano, mkungu unaiva kabla ya siku zake, na ukilikata shina linatoa usaha. Dawa hakuna. Ugonjwa husafiri kwa panga: ukikata mgomba mgonjwa, ukakata na mzima bila kulichoma panga motoni, umeupanda kwa mkono wako mwenyewe.

Kikundi kikakata shauri. Shamba ambalo zaidi ya shina moja kwa kumi ni gonjwa ling'olewe lote, lisije likamaliza mlima mzima. Lenye chini ya hapo, mwenyewe ataondoa magonjwa tu. Sawa. Lakini utajuaje bila kukata kila shina? Watu wakatazama moto. Mimi nikainua mkono.

Mzee Manasseh ndiye mwenyekiti, na kwa kuwa ni baba mdogo wa mume wangu Mose, kwangu ni baba mkwe. Huniita mokamwana, mke wa mwana. Akasema, "Mokamwana, hesabu ndiyo kazi yako. Tufanyie, sisi tufuate." Nikajiona nimerefuka. Na kwa nini nisirefuke? Nafundisha hesabu mwaka wa kumi na moja sasa, na ni mara ya kwanza mtu mzima kuniomba moja.

Jumanne, 18 Machi

Nimemaliza. Nitaandika hapa ili nisije nikajichanganya.

Tunaanza kwa kudhani shamba halijavuka mpaka wa moja kwa kumi. Tunakata mashina arobaini yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Shamba likiwa pale pale mpakani, tutegemee magonjwa manne. Sita si ajabu. Hata saba huja. Lakini manane au zaidi huja mara nne tu hivi katika mara mia. Basi tukipata manane kwenda juu, tunaikataa dhana yetu na tunang'oa. Saba kushuka, tunaacha.

Makosa ni mawili, na hakuna njia ya kuyakimbia yote kwa pamoja. La kwanza ni kung'oa shamba ambalo halikustahili. La pili ni kuliacha lililostahili. La kwanza nimelifunga kamba: mara nne kwa mia. La pili limelegea kidogo. Kama shina moja kwa matano ni gonjwa, mtego wangu wa manane utaliacha shamba lipite zaidi ya mara nne katika kumi. Ningetaka kukata mashina mia, lakini nani atakubali akatiwe mia?

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Karatasi za mtihani zimelowa ndani ya mkoba.

Jumapili, 23 Machi

Nimewaeleza kwa maharagwe kwenye ungo, meusi na meupe. Kila shina lifungwe utepe wenye namba, namba ziandikwe kwenye vikaratasi, vitiwe sufuriani, vitikiswe, zichotwe arobaini. Hakuna upendeleo wala fitina. Wazee walitikisa vichwa kwa kukubali.

Gesare ndiye aliyeuliza. Gesare ni mjane wa Abner, kaka ya Mose, na mpaka wetu ni ua wa michongoma ambao tumeutoboa tundu la kupitishiana chumvi. Yeye huniita Mama Bosire, nami humwita Mama Ogeto, kwa majina ya wanetu. Migomba yake aliipanda Abner, na ndiyo inayomlisha. Siku za soko humkosi Daraja Mbili, ameketi nyuma ya mikungu yake na mdomo usiochoka.

"Na mkikosea?" akauliza.

"Kung'oa shamba lisilo na kosa? Ni mara nne tu kwa mia, Mama Ogeto."

"Na hizo mara nne ni shamba la nani?"

Watu walicheka sana. Hata mimi nilicheka.

Jumatano, 26 Machi

Mashamba mawili yamepimwa. Moja lina matatu, jingine moja. Yote yameachwa. Mzee Manasseh ananiambia kazi inaenda kama maji ya mtaroni.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo ilikuwa zamu ya Gesare. Sikwenda, nilikuwa na rundo la Kidato cha Tatu la kusahihisha kabla ya kufunga shule. Mwenyewe naye alikuwa sokoni. Mzee Manasseh na wenzake wawili wa rika lake walifunga tepe, wakachota, wakakata. Jioni alinipigia simu.

"Mokamwana, ni tisa."

"Mmehesabu vizuri, baba?"

"Tisa. Usaha umejaa."

Nilitamani iwe saba. Nilikaa na kalamu nyekundu mkononi mpaka wino ukanichora kidole. Lakini tisa ni zaidi ya manane, na kanuni haina jirani.

Ijumaa, 4 Aprili

Gesare alikuja kabla sijanywa chai. Hakupitia tundu la uani. Alizunguka barabarani, akapiga hodi kama mgeni.

"Mama Bosire, niachieni hata ile ya nyuma ya nyumba. Ile ni mizima, naijua. Mimi ndiye naipa majivu, ndiye naimwagia maji ya vyombo."

Nikamwambia kila mwenye shamba husema hivyo. Nikamwambia ndiyo maana tunachota namba bila kumwangalia mtu usoni. Nikamwambia, "Macho ya mwenye mali hayaoni, Mama Ogeto. Hesabu ndiyo inaona."

Kisha akasema, "Basi, Mwalimu." Hajawahi kuniita Mwalimu.

Jumamosi, 5 Aprili

Sabato. Kanisani Gesare aliketi benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Mose, aliyerudi jana kutoka dukani kwake Mosocho, aliuliza tumegombana nini. Nikasema hatujagombana.

Jumanne, 8 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Vijana wa kikundi walianza asubuhi, mvua ikinyunya. Wanakata, wanafukua kisiki, wanakatakata, wanazika. Kila mgomba wa chini ulipoanguka, mwanga ulizidi kuingia, mpaka nyumba ya Gesare ikaonekana kutoka barabarani, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu niolewe hapa. Ilionekana ndogo. Gesare aliketi mlangoni na sahani ya maharagwe mapajani, anachambua, anachambua, na maharagwe yalikuwa yameshakuwa safi zamani.

Mzee Manasseh alikuwa akitoa amri kwa fimbo. Vijana walipanda juu, nyuma ya nyumba, yeye akabaki amesimama pale pale ilipo kona ya nyumba. Nikapanda nao. Nilitaka kuona tepe zangu. Nilijivunia zile tepe.

Huko nyuma hapakuwa na utepe hata mmoja.

Nikadhani mvua imezing'oa. Nikakagua shina moja, jingine, jingine. Hakuna alama ya kamba wala namba. Kuna bafu la magunia la Gesare, kamba ya nguo, shimo la majivu, na migomba minene hiyo, majani kijani hadi chini. Kijana mmoja alikuwa ameshakata minne. Niliinama nikaona moyo wa shina: mweupe kama ugali. Akakata wa tano. Mweupe. Nikamwambia, "Ngoja." Akasema, "Mwalimu, si tumeambiwa yote?" Akakata wa sita.

Nilishuka mbio nikamkuta mzee.

"Baba, namba ziliishia wapi?"

"Hapa." Akagusa ardhi kwa fimbo, pale pale aliposimama.

"Na kule juu?"

Alinitazama kama niliyemuuliza kama ameoga. "Mokamwana. Kule ndiko anakoogea mke wa mwanangu. Mimi na hawa wazee tuingie kule kutafuta nini? Hujui chinsoni?"

Najua chinsoni. Nani aliyezaliwa Kisii asiyeijua? Ni ile heshima na haya kati ya mtu na mkwe wake. Baba mkwe hapiti nyuma ya nyumba ya mke wa mwanawe. Hata mtoto anajua. Mzee alifanya lililo sawa. Alinihesabia shamba lote analoruhusiwa kulikanyaga, akachota kwa haki, akatikisa sufuria kama nilivyomwonyesha, na mimi mwenye diploma sikumuuliza swali moja dogo: mliishia namba ngapi?

Na ile ya chini ndiyo inayopakana na njia ya mtoni. Kila mpita njia mvua ikimkuta hukata jani la Gesare ajifunike kichwa, kwa panga lake, lililotoka kukata kwingine, lisilochomwa. Ya juu haijawahi kuguswa na panga ila la Gesare mwenyewe.

"Wasimamishe, baba."

"Ni tisa, mokamwana. Wewe ndiye ulisema manane." Hakusema kwa ubaya. "Tukiacha ya huyu kwa sababu ni jamaa yetu, kesho tutamng'olea nani?"

Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kulala chini mbele ya panga. Nilichofanya ni kupanda tena juu na kuhesabu. Ndiyo. Nilihesabu. Walikata huku nahesabu, mpaka wakamaliza.

Jumatano, 9 Aprili

Mashina mia mbili na thelathini, ya chini kwa hesabu ya vijana, ya juu kwa yangu. Magonjwa ishirini na moja, yote upande wa njia. Hayafiki moja kwa kumi.

Jumapili, 13 Aprili

Nimekwenda kwa Gesare kumwambia. Alinipa kiti. Nikaeleza yote: tepe, kona ya nyumba, mzee. Nililia. Yeye hakulia.

"Nilijua," alisema. "Nilikuona ukihesabu."

Kisha akauliza kama nitakunywa uji. Nikanywa. Ulikuwa bila sukari na nikaumaliza wote, maana sikujua la kufanya na mdomo wangu.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua ya mawe. Kwa Gesare hakuna kilichobaki cha kupasuliwa.

Jumatano, 23 Aprili

Ijumaa ni zamu ya Mzee Manasseh mwenyewe. Safari hii sitakuwa mbali. Mimi siwezi kuzunguka nyuma ya nyumba ya baba mkwe wangu, lakini mke wake Mama Orpah anaweza, hiyo ni nyumba yake. Amekubali kufunga tepe mwenyewe mpaka mwisho wa ua. Sampuli itakuwa safi. Hilo nimelirekebisha.

Lakini nimebadilisha na kingine, na wanakikundi nimewaambia kwa maneno machache tu, wakakubali kwa sababu bado wananiamini, Mungu awasamehe. Nimetoa manane, nimeweka kumi na mawili.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Siwezi kung'oa shamba la mtu tena kwa makosa. Siwezi. Kwa kumi na mawili, kosa la kwanza karibu linatoweka kabisa. Nimefanya na hesabu ya kosa la pili, jioni hii, mara mbili, nikidhani nimekosea. Shamba lenye shina gonjwa moja kwa matano litapita mara tisa kwa kumi. Tisa. Nimelitazama hilo jibu, nikafunga daftari, nikaenda kupika mboga.

Ijumaa, 25 Aprili

Mama Orpah alifanya kazi nzuri kuliko wazee wote. Tulichota mbele ya watu. Vijana wakakata arobaini.

Kumi.

Kwa kanuni ya zamani shamba limekwenda. Kwa mpya limepona. Nilitamka "linaachwa" na sauti yangu ikatoka bila kukwaruza. Mzee Manasseh alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea baraka, mimi na uzao wangu. Magonjwa kumi ameyang'oa papo hapo. Mengine, yale ambayo hatukuyakata, yako wapi? Kumi kwa arobaini ni robo. Nilijua ni robo. Nilikuwa nimesimama pale na najua ni robo.

Gesare alikuwa amesimama nyuma ya watu. Nadhani alikuwa anasubiri mtu aseme kwamba lake lilikuwa na tisa.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule imefunguliwa. Mwanafunzi mmoja ameniuliza kwa nini nimekonda.

Jumapili, 4 Mei

Desturi yetu ni kwamba aliyepoteza migomba huenda kwa jamaa akaomba miche. Gesare hakwenda. Mzee Manasseh ndiye aliyemletea, kwenye mkokoteni, ishirini na minne, minene, yenye mizizi. Alisimama nje ya boma, akaita. "Mke wa mwanangu, sikukutendea mabaya kwa moyo. Pokea." Mzee wa miaka sabini na sita, amevua kofia kwenye mvua.

Gesare alipokea kwa mikono miwili. Kisha alinigeukia mimi, si yeye.

"Mwalimu. Ni safi?"

Angeniuliza jambo lolote lingine. Watu wote walikuwa wananiangalia, na mzee na kofia yake mkononi. Kama ningesema sijui, ningemvunjia mzee heshima, na ningekiri mbele ya wote kwamba nilibadilisha kanuni kwa woga. Na zaidi ya hapo, nilitaka sana iwe safi. Nilitaka Gesare awe na migomba.

"Ni safi," nikasema. "Tulipima."

Jumatatu, 5 Mei

Amepanda kwenye kona ya mahindi, ambako migomba haijawahi kukaa. Nilimsaidia kuchimba. Alinipitishia jembe bila kinyongo. Hatukuongea sana, lakini leo ametumia tundu la uani, mara moja, kuomba kiberiti.

Jumapili, 18 Mei

Miche inatoa majani. Mose anasema sasa nilale. Nimejaribu.

Jumatatu, 2 Juni

Mvua mfululizo. Kwa Mzee Manasseh nimeona mkungu umeiva mapema, mmoja, karibu na njia. Nikajiambia ni ndege.

Jumamosi, 7 Juni

Si ndege.

Jumatano, 18 Juni

Nimetoka shule nikapitia kona ya mahindi. Miche mitatu imelegeza majani ya kati. Gesare alikuwa ameinama kwenye mmoja, amelishika jani kati ya vidole viwili, jinsi unavyopima homa kwenye sikio la mtoto.

"Labda ni maji mengi," alisema.

"Labda," nikasema.

Jumapili, 22 Juni

Tumeikata. Gesare aliomba niwepo. Mche wa kwanza ulitoa usaha wa manjano kabla panga halijafika mwisho. Wa pili hivyo hivyo. Hatukuhitaji bahati nasibu. Ilikuwa ishirini na minne na tuliikata yote, na kumi na tisa ilikuwa migonjwa, na mitano iliyobaki tukaizika pamoja nayo kwa sababu ilikuwa imegusana mizizi.

Kwa Mzee Manasseh shamba lote linaanguka lenyewe. Unasikia kutoka huku, mkungu unalia puu kwenye matope. Limeambukiza majirani wawili wa chini na mmoja wa juu. Mama Orpah amefunga leso kiunoni, anang'oa mwenyewe, hataki kuongea na mtu. Mzee amekaa kwenye kigoda nje. Nilipokwenda kumsalimia alisema, "Mokamwana, si ulisema tumepona?" Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kueleweshwa. Ningemweleza vipi? Kwamba nilipanua tundu la wavu nisije nikamkamata asiye na hatia, na mwizi akapita humo humo akiwa amebeba mlima mzima?

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, wanasema. Si kweli. Mimi sijapoteza mgomba hata mmoja. Niliogopa kosa la kwanza kwa sababu nilimtenda Gesare, nikalikimbia nikaangukia la pili, na la pili nalo likamtafuta Gesare huyo huyo likamkuta kwake. Makosa mawili, shamba moja. Aliuliza mwezi wa tatu: hizo mara nne ni shamba la nani? Na mimi nikacheka!

Tulipomaliza kuzika, Gesare alinawa miguu kwenye beseni. Nikamwambia nisamehe. Alisema, "Leo sina nguvu, Mwalimu. Njoo siku nyingine."

Jumatano, 25 Juni

Ogeto ameenda kwa shangazi yake Mosocho, kwa muda. Gesare anauza mboga za wengine sokoni, anabeba asichopanda. Nimemwona akipita na kikapu, nikajificha nyuma ya pazia la nyumba yangu mwenyewe.

Jumapili, 29 Juni

Asubuhi nilichukua panga. Migomba yetu ni mia moja hivi, na haijapimwa. Nilisema leo naing'oa yote, migonjwa na mizima, nisihesabu kitu. Mose alisema nimerukwa na akili, nikamwambia anipishe. Nilikuwa nimeshakata miwili nilipomsikia Gesare kwenye tundu la ua.

"Unafanya nini?"

"Naondoa."

"Ni migonjwa?"

"Sijapima."

Alijipenyeza kwenye tundu, michongoma ikimchana kanga, akaja akashika mpini wa panga juu ya mkono wangu. Ana nguvu kunizidi.

"Unataka kukosea tena ndiyo tuwe sawa?" Alikuwa na hasira, hasira ambayo niliingoja tangu Aprili, na ilipofika ikanipiga kifuani. "Ukilala njaa mimi nitashiba? Wewe wafundisha watoto ya nini? Lete sufuria."

Tulipima. Yeye ndiye aliyefunga tepe, mbele, kando, nyuma mpaka kwenye bafu letu na nyuma ya choo. Yeye ndiye aliyechota. Nilirudisha manane. Tulikata arobaini, tukilichoma panga kila mara, mpaka kuni zikatuishia.

Moja. Pale njiani. Ile miwili niliyokuwa nimeikata kwa wazimu wangu ilikuwa mizima.

Jumapili, 6 Julai

Mvua imepungua. Gesare alikuja kwenye tundu, akasimama kwa upande wake.

"Nipe miche kumi."

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia moja kwa arobaini si sufuri, kwamba hata kama magonjwa ni machache yapo, kwamba mche unaweza kubeba ugonjwa usionekane, kwamba nilishawahi kumwambia ni safi na anajua yaliyotokea, kwamba akaombe mbali, Nyamira, popote, kwa watu wasio mimi.

"Sikukuuliza kama una hakika," alisema. "Nimekuomba miche."

Nimempa kumi, ya nyuma, karibu na bafu. Tumeipanda kwenye kipande chetu cha napia, nyasi za ng'ombe, kilicho juu ya barabara, maana ardhi yake haina budi kupumzika. Mose ndiye aliyefyeka. Mzee Manasseh alipita, akasimama mbali, akasema "Mungu aiinue," akaendelea na njia yake.

Jumatano, 16 Julai

Yote kumi imesimama.

Jumamosi, 26 Julai

Gesare amekaa nami kanisani. Aliazima kitabu changu cha nyimbo.

Jumatano, 6 Agosti

Mvua ya mawe, fupi, nzito, ya jioni. Iligonga mabati hadi wanangu wakaziba masikio. Mimi nilisimama mlangoni nikiangalia upande wa barabara na sikuona kitu.

Jumapili, 10 Agosti

Alinipitia mapema na panga limeshachomwa, bado jeusi. Tulipanda hadi kipande cha napia. Umande ulikuwa mwingi.

Mche wa tatu kutoka barabarani una jani lenye umanjano pembeni, upana wa kidole. Jani hilo limechanika pia mahali pawili. Mingine tisa ni kijani, ila nayo imechanika hapa na pale.

Gesare alichuchumaa upande wake, mimi upande wangu.

"Ni ugonjwa au ni mawe?"

Niliangalia kwa muda mrefu. Niligeuza jani nikaliangalia chini. Nilinusa. Nikisema ni ugonjwa tukaung'oa, na kumbe yalikuwa mawe tu, nitakuwa nimemuulia mzima mara nyingine tena. Nikisema ni mawe tukauacha, na ni ugonjwa, ile tisa itaufuata. Kuukata tuone ni kuuua. Panga lilikuwa kati yetu kwenye majani.

"Sijui," nikamwambia.

Barabarani pikipiki ilipita na mikungu miwili nyuma, ya mtu mwingine, ikashuka kuelekea Ekerenyo. Gesare alichukua panga akalifuta kwenye kanga yake, akalilaza magotini bila kukata.

"Ungesema hivyo mwezi wa nne, Mama Bosire," alisema.